Gari Ambalo Baba Hakuliendesha

Sikuona kwamba baba yangu alikuwa akitembea kwa miguu.

Nilimwona akitembea, bila shaka. Nilimwona akienda msikitini, sokoni, na bandarini kupokea mizigo ya Kigoma, kanzu imekunjwa mpaka magotini wakati wa matope. Ambacho sikukiona ni kwamba mtu huyo huyo alikuwa na Peugeot 404 nzima bandani, ufunguo wake ukining'inia shingoni mwake, na hakuitoa nje ya geti hata siku moja. Kwa miaka ishirini na sita niliyatazama mambo hayo mawili kila siku, nisiyaweke pamoja. Na mimi ni mtu niliyesomea historia.

Msomaji aliyekosa sehemu za majuma yaliyopita ajue haya tu. Nafasi yangu ya asistanti chuoni ilifutwa kwa barua ya mistari minne. Mke wangu alirudi kwao Kabimba, na hapokei simu. Kisha ziwa lilipanda, likaingia kiwanjani kwetu na kula ukuta wa chumba cha nyuma. Tukabaki watatu katika vyumba viwili: mimi Twahiri, dada yangu Yasmine, na baba yetu, Papa Shaabani, ambaye kiharusi kilimnyang'anya ulimi na upande wote wa kulia. Msimu mwingine wa mvua ungeimaliza nyumba. Tulihitaji kiwanja mlimani kabla mvua hazijaanza, na hatukuwa na kitu cha kuuza isipokuwa gari.

Hapo ndipo alipoingia Doudou.

Doudou alikuwa komisyoneri, yaani dalali, wa Lubumbashi, mtu mnene, mchangamfu, mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi la Kalemie halikuthubutu kuvigusa. Alizunguka mkoa mzima akitafuta magari ya kale kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya. Wanunuzi hao, alinieleza, hawanunui gari peke yake. Wanataka na habari zake, zimeandikwa kwa Kifaransa safi. Alikuwa ameambiwa kwamba mjini kuna mwalimu asiye na kazi. Akaniajiri nimwandikie.

Tulizunguka naye siku nne. Tuliona Volkswagen ambayo kuku walitagia chini ya usukani wake. Tuliona Land Rover isiyo na sakafu, majani yamechomoza pale miguu ya dereva ilipokuwa. Tuliona lori la Mercedes lililopauka kwa vumbi la chokaa, na mwenyewe akaapa kwamba linahitaji betri tu, nasi tulipofungua boneti hatukukuta injini.

"Kuna aina mbili, Prof," Doudou alinifundisha. Aliniita hivyo tangu aliposikia kwamba nimefukuzwa. "Kuna maiti na kuna wazee. Maiti tunawafufua, tunawapaka rangi, tunawavalisha. Muzee hapana kumugusa. Muzee anauzwa na mikunjo yake."

Volkswagen ya kuku ilikuwa mali ya mjane mmoja. Katika karatasi za Doudou niliandika kwamba bodi yake haina kutu na kwamba sehemu zote ni za kiwandani. Mjane aliponiuliza nimwambie kweli, kwa kuwa mimi ni mtu wa shule, nilimwambia ni chuma chakavu. Alinishukuru kwa kumsaidia kuliondoa. Nalitaja hilo ili msomaji asidhani kwamba yaliyofuata yalinikuta nikiwa mtu safi.

Siku ya tano Doudou aliniuliza kama kwetu hakuna chochote. Nikamfungulia mlango wa banda.

Alilizunguka gari lile la rangi ya maziwa mara mbili bila kuligusa. Alichuchumaa, akatazama chini. Alifungua mlango wa dereva taratibu, akanusa viti. Kisha akasoma kilomita, akanigeukia.

"Hii iko muzima kuliko wewe, Prof. Nani alikuwa anaiendesha?"

"Hakuna mtu. Baba aliiosha tu, kila Ijumaa. Fundi anakuja mara moja kwa mwezi, anaiwasha, inaunguruma kidogo, anaizima."

"Miaka yote?"

"Tangu elfu moja mia tisa tisini na nane."

Nilisema hivyo kwa majivuno, kana kwamba mimi ndiye niliyeiosha. Lakini majivuno yalikuwa juu tu. Chini yake palikuwa na kitu kingine. Mwaka nilipokuwa kidato cha tatu, mama yangu aliugua. Baba alimfunga kwa kitenge nyuma ya baiskeli ya jirani, akaisukuma mpaka hospitali, na gari likabaki bandani, limeoshwa, linang'aa. Mama alifariki baada ya majuma matatu, kwa ugonjwa ambao gari lisingeuponya. Lakini nilihitaji mtu wa kulaumu, nikampata. Tangu siku ile niliamini kwamba baba yangu alilipenda gari kuliko mama yangu.

Tulipokuwa bandani tulisikia ukuta wa nyumba ukigongwa. Kitanda cha baba kilikuwa dirishani, na dirisha lilitazamana na mlango wa banda. Alikuwa akigonga ukuta kwa mkono wa kushoto, mkono pekee uliobaki kumtii. Mkono huo ndio uliokuwa ulimi wake. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimejifunza kuusoma: kiganja juu, maji; ngumi, maumivu; kidole kwenye shuka, anataka kugeuzwa. Wageni waliokuja kumsalimu walizungumza na mkono wake, nami nikawafasiria.

"Muzee anasema nini?" Doudou aliuliza.

"Anasema lisiuzwe rahisi."

Tulicheka wote wawili. Mkono uliendelea kugonga.

Doudou alitaka vitu viwili: habari za gari, na karte roze, ile kadi ya umiliki. Mzee asiye na karte roze, alisema, thamani yake inakatika nusu. Nilipekua sanduku la baba mpaka chini. Nilikuta risiti za chumvi na za vitambaa, barua za Ujiji, picha ya mama akiwa msichana. Karte roze haikuwemo.

Jambo hilo peke yake lilipaswa kunisimamisha. Baba alikuwa mtu aliyetunza risiti ya chumvi kwa miaka thelathini. Wanafunzi wangu niliwafundisha kwamba karatasi inapokosekana mahali ilipostahili kuwapo, kukosekana kwake ni ushahidi. Nilifunga sanduku.

Nilikwenda kwa Papa Pontien, yule fundi wa kila mwezi. Nilimwomba aje athibitishe kwa maandishi kwamba gari ni la baba.

"Mimi? Hapana," alisema, akiendelea kufuta spana zake. "Ngoja muzee apone."

"Hatapona, Papa Pontien. Daktari alisema."

"Basi ngoja akufe. Kisha ngoja tena."

Nilifikiri anataka sehemu yake. Nilimwambia Doudou kwamba fundi ni mlevi na ushahidi wake hauna maana. Papa Pontien hajawahi kuonja pombe maishani mwake.

Ikabaki njia ya mkato. Katika biro moja ya serikali ambayo sitaitaja nilipata mashahidi wawili, watu ambao sikuwahi kuwaona, nao wakaapa kwamba Shaabani alilinunua gari lile kihalali na kwamba karte roze yake iliungua vitani. Karani aliniomba nimwandikie maneno, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Niliziandika sentensi zile mwenyewe. Nilizipanga vizuri.

Doudou alikubali cheti kile kwa kununa. Alisema bei itashuka, lakini kiwanja cha mlimani kitapatikana. Boti la Kigoma lingeondoka Jumamosi. Gari lingevuka ziwa, lipelekwe Dar es Salaam, kisha ng'ambo. Angekuja kulichukua Ijumaa asubuhi.

Jumatano nilikwenda kitandani kuchukua ufunguo. Baba aliikamata kamba yake kwa mkono wa kushoto na kunitazama. Alikuwa mdhaifu kuliko mtoto, lakini hakuuachia.

Sikupandisha sauti. Wasomi huumiza kwa sauti ya chini.

"Mama ulimpeleka kwa baiskeli, Baba. Gari lilikuwa hapo. Nilisimama mlangoni nikakuangalia ukimfunga kama gunia la samaki. Basi leo liachie, maana yeye halihitaji tena."

Aliuachia. Alifumba macho, na machozi yakashuka upande mmoja tu wa uso, upande wenye uhai. Nilisema moyoni kwamba hatimaye anajuta.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja alibisha geti.

Alikuwa wa umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa kitenge kilichofuliwa mpaka maua yake hayaonekani, na mfuko wa plastiki kifuani. Yasmine alikuwa sokoni. Mimi ndiye niliyefungua.

"Samahani, Yaya," alisema, kama watu wa kwetu wanavyomwita kaka. "Niko natafuta nyumba ya Papa Shaabani, mufanyabiashara wa vitambaa."

"Ndiyo hapa. Mimi ni mwanawe."

Alicheka kwa furaha kama mtu aliyetua mzigo. Aliniambia jina lake ni Consolate, mtoto wa Norbert, yule Mubembe aliyekuwa akinunua samaki wakavu pale bandarini kabla ya vita. Walivuka ziwa mwaka wa tisini na nane, usiku mmoja, watoto watano na wazazi wao, wakaishi kambini upande wa Kigoma tangu hapo. Norbert alikuwa amefariki mwaka uliopita. Yeye na wadogo zake walirudi mwezi uliopita na sasa wamehifadhiwa na watu wa kwao huko Katanika, katika kibanda cha turubai.

Nilimpa pole. Nilimkaribisha kivulini. Mpaka hapo nilikuwa bado mtu wa kawaida.

"Baba aliniambiaka, siku ukifika Kalemie, nenda kwa Papa Shaabani. Gari yetu iko kwake. Ni amana."

Nilimuuliza gari gani.

"Peugeot. Nyeupe-nyeupe, kama maziwa. Wakubwa wengine Baba aliwaomba, walikataa, walisema waasi watawaua sababu ya gari. Papa Shaabani peke yake alikubali. Baba alisema: huyu Mwislamu, nilimwacha na gari yangu na sikumwomba sahihi."

Hapo, msomaji, mambo mawili ambayo sikuwahi kuyaweka pamoja yalikuja yenyewe yakakaa pamoja. Mtu aliyewekewa kitu hakitumii. Baba aliliwasha ili lisife, akaliosha ili lisichakae, akatembea kwa miguu. Alimfunga mkewe nyuma ya baiskeli kwa sababu gari halikuwa lake. Hakunieleza nikiwa mtoto, kwa kuwa wakati wa vita mtoto angeweza kusema. Nilipokua hakunieleza, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kumuuliza chochote. Nilikuwa na umri wa miaka mitano lilipofika, nikiwa kwa bibi huko Zongwe. Niliporudi nililikuta, nikadhani limekuwapo siku zote.

Nilijua haya yote kabla hajafungua mfuko. Bado nilimuuliza, kwa upole, kama ana karatasi yoyote.

Consolate alitoa kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko mwingine, ndani yake karte roze. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kushonewa ukingo kwa uzi ili isichanike. Jina la Norbert lilisomeka. Namba ya chesisi pia ilisomeka, nami niliijua kwa moyo, kwa sababu juma lile nilikuwa nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu.

Banda lilikuwa hatua kumi nyuma yake, mlango umefungwa.

Nilimrudishia karatasi.

"Dada, pole sana," nikasema. "Askari walilichukua. Mwaka ule ule."

Aliipangusa karatasi ingawa haikuwa na vumbi. Alisema walitumaini kuliuza, wanunue nyavu na mtumbwi, wadogo zake waache kubeba mizigo ya watu. Kisha akasema jambo ambalo bado linaniamsha.

"Baba alisema, kama Papa Shaabani aliliuza kwa shida, usimuulize. Mupe asante tu. Sasa kama ni askari, shida iko wapi? Naomba nimusalimie."

Ningewezaje kumkatalia? Nilimwingiza.

Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwambia baba jina la Norbert. Baba alimtazama kwa muda mrefu. Uso wake, ule upande mmoja, ulifunguka kwa namna ambayo sikuiona tangu augue. Aliinua mkono wa kushoto. Alielekeza kidole dirishani, moja kwa moja kwenye mlango wa banda.

Consolate aligeuka kunitazama mimi, mfasiri.

"Anasema nini, Yaya?"

"Anasema lilikuwa pale. Walivunja mlango wakalitoa."

Baba alinigeuzia macho. Aligonga ukuta, akaelekeza tena. Akagonga, akaelekeza. Koo lake lilitoa sauti isiyokuwa neno.

"Akikumbuka siku ile hukasirika," nikasema. "Alipigwa sana."

Nilimwona baba akiusikia mkono wake ukisema uongo.

Consolate aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akautuliza juu ya shuka. "Basi, Papa. Usijisumbue. Ni gari tu. Ulipigwa sababu yetu." Alilia kidogo, kwa ajili yake. Kisha akaiweka karte roze katika kiganja cha baba na kumfunga vidole juu yake. "Karatasi haina gari tena. Bakia nayo, ni asante ya Baba. Kesho nitakuletea samaki."

Nilimsindikiza mpaka getini. Aliniambia mimi ni mtoto mwema, kwa jinsi ninavyomtunza mzee.

Yasmine aliporudi aliikuta karte roze ikiwa bado mkononi mwa baba. Aliweza kusoma jina kupitia vidole. Aliniuliza imetoka wapi. Nikasema ilikuwa sandukuni. Akaenda kuwasha mkaa.

Ijumaa asubuhi Doudou alifika na viatu vyake vyeupe. Nilimwambia karte roze ya asili imepatikana, pamoja na barua ya mauzo kutoka kwa mmiliki wa kwanza, ambayo ningeiandika dakika hiyo hiyo. Alinikumbatia.

"Unaona, Prof? Muzee na karatasi zake. Sasa kiwanja utachagua mwenyewe."

Niliingia chumbani. Baba hakuwa amelala. Alikuwa ameikamata karatasi ile usiku kucha, na nilipoivuta hakuiachia kama alivyoachia ufunguo. Ilinibidi nivifungue vidole vyake kimoja kimoja. Nilianza na kidole cha mwisho. Nilifanya taratibu, ili karatasi isichanike.

Gari liliwaka mara ya kwanza ufunguo ulipozungushwa. Nilikaa kando ya Doudou. Lilitoka getini bila kelele, majirani wakasimama kutazama, mmoja akapiga makofi.

Tulikuwa tumefika njia ya bandari nilipomwona Consolate akija, beseni la samaki kichwani. Alisogea kando kutupisha, kama mtu yeyote anavyopisha gari. Kisha akalitazama. Macho yake yalitembea kutoka taa za mbele mpaka mlangoni, yakafika kwenye uso wangu nyuma ya kioo.

Aliteremsha beseni, akaliweka chini barabarani, akaanza kukimbia. Hakutukimbilia sisi. Alikimbia kuelekea nyumbani kwetu, walikokuwa baba na Yasmine peke yao.

"Unamujua ule mama?" Doudou aliuliza.

Nilisema simjui, na gari likaendelea mpaka bandarini.

Tangu Ijumaa ile baba hali chakula kutoka mkononi mwangu. Yasmine humlisha asubuhi na jioni, nami husubiri nje mpaka amalize.